Kwa nini seli za viungo hufa, na kwa nini nyingine hugoma kufa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukipita Newala, Tandahimba, Mtama au Nachingwea, huku kusini mwa Tanzania, ukauliza habari za magoti, utajibiwa kwamba "yamesagika" au "ute umeisha". Kuna ukweli humo, ila nusu tu. Nusu ya pili imo ndani ya seli hai za kiungo, ambazo kila siku hupata misukosuko na kulazimika kujitengeneza, kusimamisha kazi au kufa. Maswali haya huletwa tena na tena na wakulima, wabanguaji wa korosho, wachongaji wa vinyago na wanafunzi wa uuguzi. Nimeyajibu kwa urefu pale penye mambo mengi, na kwa ufupi pale ambapo jibu ni moja tu.

Goti likisagika, hasa kinachosagika ni nini?

Ni gegedu, lile tabaka jeupe linaloteleza lililofunika ncha za mifupa. Kwenye goti la mtu mzima unene wake ni milimita chache. Sehemu kubwa yake ni maji, nyuzi za kolajeni, na protini zenye sukari zinazoyashika yale maji yasitoke. Seli zenyewe ni asilimia 1 hadi 5 tu ya ujazo wote. Hazina mshipa wa damu unaozifikia. Chakula na oksijeni huzipata kutoka kwenye ute wa kiungo, na ute huo husukumwa kuingia na kutoka kila unapokanyaga na kunyanyua mguu.

Gegedu halina pia mishipa ya fahamu, kwa hiyo linaweza kuharibika miaka mingi mwenyewe akiwa hana habari. Maumivu unayoyasikia hutoka kwenye mfupa ulio chini yake, kwenye utando wa kiungo au kwenye kano.

Kolajeni ya humo hukaa karibu maisha yote ya mtu; kiasi kinachobadilishwa ukubwani ni kidogo mno. Seli nazo, zikishafariki, hazijazwi kwa urahisi. Na jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba sehemu kubwa ya uharibifu hufanywa na seli zenyewe. Zikielemewa, hutoa vimeng'enya vinavyokata kolajeni na zile protini zinazoshika maji. Msuguano wa mifupa huja mwishoni, kazi ikiwa imeshafanyika.

Msongo wa seli ndio nini? Seli nayo ina mawazo?

Haina. Msongo hapa ni kitu chochote kinachoitoa seli kwenye hali yake ya kawaida: joto, kishindo, virusi, upungufu wa oksijeni au sukari, sumu zinazotokana na mitokondria zake yenyewe, yaani mitambo yake ya kuzalisha nishati. Mwaka 1962 mtafiti wa Italia, Ferruccio Ritossa, alieleza jinsi nzi wadogo wa matunda walivyoamsha sehemu fulani za jeni zao baada ya kupata joto kali. Baadaye ikajulikana kwamba jeni hizo hutengeneza protini za ulinzi, ambazo hushika protini nyingine zisiharibike umbo. Seli zako za gegedu zinazo protini hizo hizo.

Upungufu wa oksijeni ni jambo la pekee kwenye gegedu. Seli nyingi za mwili zingetaabika pale; hizi zimezoea, kwa kutumia mfumo unaopima oksijeni na kuwasha jeni zinazofaa. Waliogundua namna mfumo huo unavyofanya kazi, William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza, walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2019.

Msongo unaonihangaisha zaidi mimi ni ule wa protini. Seli ya gegedu ni mtengenezaji mkubwa wa protini, na kila protini lazima ikunjwe sawasawa kabla ya kutolewa nje. Ukunjaji huo hufanyika kwenye sehemu iitwayo retikulamu ya endoplazimu. Fikiria ghala la chama cha msingi mwezi wa Novemba, magunia ya korosho yanaingia kwa kasi kuliko yanavyopimwa na kusafirishwa. Mwenye ghala mwenye akili hufanya mambo matatu. Husimamisha mapokezi kwa muda, huita vibarua wa ziada, na huondoa korosho mbovu zisiozeshe nyingine. Seli hufanya hivyo hivyo. Ina vitambuzi vitatu kwenye ukuta wa sehemu hiyo, viitwavyo PERK, IRE1 na ATF6. PERK hupunguza utengenezaji wa protini mpya. Wenzake wawili huamuru zitengenezwe protini saidizi za kukunjia na mitambo ya kuondoa zilizoharibika. Mlundikano ukipungua, vitambuzi hutulia na kazi huendelea.

Na usipopungua?

Hapo hali hugeuka. Mfumo ule ule uliokuwa ukiiokoa seli huanza kuiua. PERK ikikaa imewaka kwa muda mrefu, hujengeka protini iitwayo CHOP, ambayo huielekeza seli kwenye kifo cha mpangilio, apoptosi. Seli hujikatakata kwa utaratibu bila kumwaga vilivyomo ndani yake. Panya waliozaliwa bila CHOP walipofanyiwa upasuaji wa kulegeza goti, seli nyingi zaidi za gegedu zilibaki hai kuliko za panya wa kawaida.

Kati ya kujitengeneza na kufa ipo njia nyingine ya kujiokoa: otofaji, yaani seli kuvila vipande vyake vilivyochakaa na kuvitumia upya. Yoshinori Ohsumi wa Japani alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2016 kwa kufafanua namna hilo linavyofanyika. Kwenye gegedu changa, lenye afya, otofaji hufanya kazi muda wote. Umri unavyoongezeka, protini zinazoiendesha hupungua, kwa binadamu na kwa panya pia. Ndiyo sababu mojawapo inayofanya kishindo ambacho goti la miaka 20 lilikimeza bila shida kiliangushe la miaka 60.

Ipo pia hali ya tatu ambayo haizungumzwi vya kutosha. Seli yaweza isife na isipone. Inabaki hai, haigawanyiki tena, na muda wote inamwaga kemikali za uvimbe na vimeng'enya vya kukata gegedu. Hizi huitwa seli zilizozeeka, ingawa unaweza kuzikuta hata kwa kijana aliyeumia goti. Kwa maoni yangu ni afadhali seli moja iliyokufa kimya kuliko moja ya namna hii, kwa sababu hii huwaharibu na majirani.

Mama yangu amebangua korosho tangu usichana wake. Kazi ndiyo iliyoua magoti yake?

Imechangia, bila shaka. Kuchuchumaa na kupiga magoti kwa saa nyingi, mwaka hadi mwaka, kunahusishwa na ugonjwa wa kusagika kwa magoti katika nchi nyingi na kazi nyingi. Lakini usikimbilie kumwambia mama akae kitako kuanzia leo hadi mwisho.

Seli za gegedu zinataka mzigo. Mzigo wa wastani, unaokuja na kuondoka, huzipunguzia ishara za uvimbe na kuzihimiza zitengeneze kolajeni na zile protini za kushika maji. Watu waliopooza miguu, ambao magoti yao hayabebi chochote, gegedu lao hupungua unene. Kinachoua ni mambo mawili: kishindo kikali cha ghafla, na mkao mmoja usio na nafasi ya kupumua.

Kishindo nakiweka mbele kwa sababu kinapuuzwa. Kijana akianguka kutoka juu ya mkorosho, au bodaboda ikimlalia mguu, mitokondria za seli za gegedu hutoa molekuli kali za oksijeni kupita kiasi, na seli huendelea kufa kwa saa na siku zinazofuata hata kama eksirei inaonyesha mfupa mzima. Kano ya katikati ya goti ikikatika, takriban nusu ya waliopata jeraha hilo huwa na goti lililosagika miaka 10 hadi 20 baadaye. Kwa hiyo goti lililovimba ndani ya saa chache baada ya ajali, linalolegea ukishuka kilima, lipelekwe hospitali. Kulifunga kitambaa na kurudi shambani ni kuahirisha tu.

Kwa mama wa ubanguaji, badilisha mkao kabla hujabadilisha kazi. Kigoda kirefu au meza ya kubangulia, asimame na kutembea kidogo kila baada ya nusu saa, na afanye mazoezi ya misuli ya mapaja. La rahisi kuliko yote ni kukaa kwenye kiti na kunyoosha mguu mmoja, kuushikilia hewani ukihesabu polepole hadi kumi, kisha mwingine. Misuli ya paja hupokea kishindo ambacho la sivyo kingeishia kwenye gegedu.

Kuhusu ndoo: juu ya uwanda wa Makonde maji ni shida ya miaka mingi, na ndoo ya lita 20 ni kilo 20 kichwani. Ukitembea tambarare goti hubeba mara mbili hadi tatu ya uzito wako kila hatua, na ndoo imo katika hesabu hiyo. Ukipanda kutoka bondeni ni zaidi. Penye baiskeli au toroli, anayeumwa magoti aachiwe yeye kwanza.

Unene unahusika vipi? Mbona bibi yangu mwembamba naye anaumwa?

Wembamba hauzuii, umri, urithi na majeraha ya zamani vina sehemu yao. Ila kwa mtu mnene, utafiti uliopima mwendo wa watu wazima wenye magoti mabovu uliona kwamba kila kilo moja iliyopungua mwilini ilipunguza kama kilo nne za mzigo gotini kwa kila hatua. Na uzito siyo mzigo peke yake: mafuta ya mwili hutoa homoni na kemikali za uvimbe zinazozunguka kwenye damu, ndiyo maana watu wanene huumwa zaidi hata viungo vya vidole vya mikono, ambavyo havibebi mwili.

Baridi yabisi ni ugonjwa huo huo?

Hapana, na kuchanganya mambo haya mawili kunawagharimu watu mikono yao. Kusagika huanza kwenye gegedu. Baridi yabisi huanza kwenye kinga ya mwili inayoshambulia utando wa kiungo. Dalili zake ni viungo vingi, mara nyingi vya mikono yote miwili kwa pamoja, kuvimba, na ukakamavu wa asubuhi unaozidi saa moja. Huwapata zaidi wanawake, na wengine bado wako katika umri wa kuzaa.

Upande wa seli, mambo ni kinyume. Kwenye kusagika, seli tunazozihitaji zinakufa. Kwenye baridi yabisi, seli za utando zilizopaswa kufa zinagoma. Utando uliovimba ni mahali pa taabu: oksijeni haba, uchafu wa uvimbe mwingi, protini za kukunja zisizokwisha. Kwa kawaida seli ingeelekea kwenye apoptosi. Hizi hujiongezea uwezo wa kuondoa protini mbovu na hivyo huistahimili ile dhiki. Mwaka 2003 watafiti wa Japani walieleza protini iitwayo synoviolin inayofanya kazi hiyo ya uondoaji. Panya waliotengenezewa nyingi kupita kiasi walipata ugonjwa wa viungo. Utando unanenepa, unatambaa juu ya gegedu na kulila pamoja na mfupa.

Kwa hiyo dawa za kupunguza maumivu peke yake hazitoshi. Dawa ya kwanza kwa wagonjwa wengi ni methotrexate. Isomeke vizuri hapa: humezwa mara moja kwa wiki, siyo kila siku. Kumeza kila siku kumeua watu. Mjamzito au anayetarajia kupata mimba hatumii kabisa, amwambie daktari mapema. Baadaye zilikuja dawa za kuzuia protini ya uvimbe iitwayo TNF, baada ya kazi ya Marc Feldmann na Ravinder Maini huko London mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ni nzuri, ila bei yake ni kilio, na kabla ya kuanza lazima mgonjwa apimwe kifua kikuu, kwani kilicholala huamka.

Nilipata chikungunya, homa ikaisha, viungo vikaendelea kuuma miezi. Kwa nini?

Hapa kusini swali hili lina haki ya kupewa nafasi. Ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa mwaka 1952 hadi 1953 kwenye uwanda wa Makonde, na jina lake ni la Kimakonde. Marion Robinson na W. H. R. Lumsden walichapisha maelezo yake mwaka 1955.

Virusi huingia kwenye seli za utando wa kiungo na za misuli. Seli ikigundua imevamiwa, hutumia mbinu ileile ya PERK kupitia kitambuzi kingine: inasimamisha utengenezaji wa protini ili virusi wasipate karakana. Pia hukusanya maagizo ya protini kwenye vijipunje vya muda, ikingoja hatari ipite. Virusi vya chikungunya vina protini yao inayokamata kiungo muhimu cha vijipunje hivyo na kuvivuruga, kisha vinaendelea kuzaliana. Otofaji nayo imeonekana maabara ikichelewesha kifo cha seli zilizoambukizwa.

Kinachobaki baada ya homa ni uvimbe ulioachwa nyuma. Wengi hupona ndani ya wiki, lakini baadhi hubaki na maumivu kwa miezi, wengine miaka, hasa waliozidi umri wa makamo au waliokuwa na viungo vibovu tangu mwanzo. Wakati wa homa tumia parasetamoli na maji mengi. Usimeze diklofenaki wala aspirini kabla vipimo havijaonyesha kwamba siyo homa ya dengi, maana zinaweza kuzidisha kutoka damu. Malaria ipimwe pia. Mbu wa chikungunya huuma mchana na huzaliana kwenye maji yaliyohifadhiwa, kwa hiyo mapipa na mitungi ifunikwe.

Kila msimu wa mabibo kidole gumba cha mguu kinawaka moto. Ni uraka?

Huenda uraka, ile pombe ya mabibo, umekiamsha, ingawa chanzo ni gauti. Asidi ya yuriki ikizidi kwenye damu hujikusanya kama fuwele kali ndani ya kiungo, na pombe huifanya figo ishindwe kuitoa vizuri. Seli za kinga zinapozimeza fuwele hizo, ndani yake huunganika mtambo uitwao NLRP3. Kazi iliyoongozwa na Jürg Tschopp huko Uswisi ilionyesha uhusiano huo mwaka 2006. Mtambo huo huachilia kemikali kali ya uvimbe, na seli yenyewe inaweza kupasuka na kumwaga kila kitu. Hiki ni kifo kibaya, tofauti kabisa na apoptosi ya kimya, na ndicho kinachokufanya ushindwe kuvumilia hata shuka kugusa kidole usiku.

Punguza uraka na bia, kunywa maji, pima figo. Zipo dawa za kushusha asidi hiyo kwa muda mrefu. Ukishaanzishiwa usiziache kwa sababu tu kidole kimetulia.

Kijana wangu ana selimundu, sasa anachechemea na nyonga inauma. Ni baridi?

Siyo baridi. Chembe nyekundu zenye umbo la mundu huziba vijishipa vinavyolisha kichwa cha mfupa wa paja, na seli za mfupa hufa kwa kukosa oksijeni. Msongo huu unapita uwezo wowote wa seli wa kujitetea. Apigwe picha mapema. Eksirei ya mwanzo inaweza isionyeshe kitu, kwa hiyo maumivu yakiendelea arudishwe. Matumizi marefu ya steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, huleta tatizo hilohilo kwenye nyonga hata kwa asiye na selimundu.

Kuna dawa ya unga inauzwa mnadani, inaondoa maumivu siku ileile. Ina ubaya gani?

Kasi yenyewe inatia shaka. Dawa za unga zisizo na lebo zimekutwa sehemu mbalimbali duniani zikiwa zimechanganywa na steroidi au diklofenaki. Maumivu yanaondoka kweli, huku figo, tumbo, sukari na shinikizo la damu vikilipa. Anayetumia kwa muda mrefu asikatishe ghafla. Aende nayo kituo cha afya ionekane.

Sindano ya steroidi gotini, anapochoma mtaalamu, ina nafasi yake kwa maumivu makali. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwapa wagonjwa sindano kila wiki 12 kwa miaka miwili, na gegedu lao lilipungua zaidi kuliko la waliochomwa maji ya chumvi, bila nafuu ya ziada ya maumivu. Ningekubali moja. Ya kila msimu ningekataa.

Vidonge vya kuongeza ute je?

Vingi vina glukosamini na kondroitini. Jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2006, lenye washiriki 1,583, halikuona vikizidi vidonge vya bandia, visivyo na dawa ndani, kwa wagonjwa wote kwa ujumla. Havina madhara makubwa kwa wengi. Ila nikiona mtu ameuza gunia la korosho anunue kopo la vidonge hivyo, najua hela ingefanya kazi zaidi kwenye viatu vyenye soli laini na nauli ya kwenda kwa mtaalamu wa mazoezi tiba.

Itakuja dawa ya kuziokoa seli zenyewe?

Inatafutwa. Mwaka 2017 watafiti waliondoa seli zilizozeeka kwenye magoti ya panya walioumizwa, na uharibifu ukapungua. Dawa ya namna hiyo, UBX0101, ikapelekwa kwa binadamu. Mwaka 2020 matokeo yakaonyesha haikuishinda sindano ya bandia katika kupunguza maumivu baada ya wiki 12. Rapamaisini, inayoamsha otofaji, ilisaidia panya pia, lakini inashusha kinga ya mwili. Ugumu uko wazi: kwenye kusagika tunataka seli ziishi, kwenye baridi yabisi tunataka baadhi zife, na mbinu zinazotumika ni zilezile mwili mzima.

Mtoto ana goti moja limevimba ghafla, la moto, na ana homa. Nimkande na maji ya moto nione kesho?

Usisubiri kesho. Huo unaweza kuwa usaha ndani ya kiungo, na bakteria huua gegedu kwa siku chache. Mpeleke leo, usiku pia, popote penye daktari wa kunyonya majimaji ya goti na kuanza antibiotiki: hospitali ya Ligula, Sokoine, Ndanda au Nyangao, pale palipo karibu nawe. Usimchue njiani.